Kabla ya Baridi ya Juni, Tushike Kroshia



Baridi yetu ya Mahongole haihitaji kuelezwa. Juni na Julai zikifika, ukungu unachelewa kuondoka asubuhi, moto unawashwa mapema jioni, na mikono iliyoshika jembe tangu mvua za kwanza inapata nafasi. Kwa jioni hizo ninawapendekezea kazi ndogo, tena ya raha: kufuma kwa kroshia.

Si jambo geni kwetu. Nani hajaona kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni mwa kochi, juu ya meza, hata juu ya redio? Mama zetu walivifuma wenyewe, wakawapa na mabinti walipoolewa. Leo vingi vimekunjwa masandukuni, na waliovifuma wanazeeka na ujuzi wao. Kwa hiyo bibi, mama, shangazi unayejua: tafuta mtu mmoja tu umfundishe. Mmoja anatosha.

Vifaa visitutishe. Ni sindano ya kroshia na uzi, basi. Uzi mpya ukishinda mfuko, pitia mitumba, chagua sweta lililotoboka kiwiko lakini uzi wake bado mzima. Lifumue, uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge, uufue, uuanike mpaka unyooke, kisha uviringishe bonge.

Kofia ya mtoto huanzia utosini. Unafuma vitanzi 6 kwenye duara, raundi ya pili 12, ya tatu 18, unaongeza sita sita mpaka duara lienee utosi. Hapo unaacha kuongeza, na kofia inaanza kushuka yenyewe. Ukikosea, vuta uzi urudie, hujapoteza kitu. Ila nawaonya: kazi hii inateka. Utasema “raundi hii tu, kisha nainuka”, na ukija kushtuka maharage yameshika sufuria.

Nimetaja kofia ya mtoto kwa makusudi. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake. Ndiyo maana akizaliwa hukaushwa, huwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na huvikwa kofia. Kwa mtoto njiti anayebebwa kifuani kwa njia ya kangaruu, kofia na soksi ni sehemu ya huduma yenyewe. Sasa fikiria mama anayejifungua usiku wa Julai huku kwetu.

Naomba basi zawadi ya kwanza itakayotoka mikononi mwetu iwe ya mtoto huyo. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na mzunguko wa sentimita 33 hadi 35 hivi. Cha njiti ni kidogo zaidi. Tumia uzi laini, usiweke vifungo wala kamba za kuning’inia, ifue vizuri, na umuulize kwanza muuguzi wa zahanati wanahitaji nini. Mstari ukipinda usihofu. Mtoto mchanga hakagui.

Kina baba na vijana, msikae pembeni mkisema hiyo ni kazi ya wanawake. Pwani wavuvi hufuma nyavu zao wenyewe, na hakuna anayewacheka.

Mkono ukishakuwa mwepesi, soko halipo mbali. Makambako ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, na reli ya TAZARA inapita mjini hapo hapo. Abiria aliyepanda basi Dar es Salaam na shati jepesi anashuka akitetemeka. Skafu na kofia nzito hatazipuuza. Hata Ireland, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, familia nyingi zilipata riziki kwa kuuza lesi za kroshia. Nasi tuna njia: kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba halmashauri mkopo usio na riba, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini tusianze na mkopo. Mkopo una tarehe ya marejesho, na mkono unaojifunza hautaki kuharakishwa. Tuanze na zawadi.

Tukubaliane hivi. Jumapili baada ya ibada, au siku ya vikoba mkimaliza hesabu, kila mmoja aje na sindano na sweta la kufumua. Anayejua akae na asiyejua. Juni ikifika, kila aliyefundishwa awe na kofia moja ya kupeleka zahanati. Ya pili amfumie ampendaye.