Hicho si Kibali, Mpendwa. Ni Hongo.

 

Leo usiandike "Amina" hapo chini kabla hujasoma mpaka mwisho. Najua wengine mtakasirika, na kuna mzee mmoja atanipigia simu kabla ya saa tatu. Sawa. Nitashika.

Jumapili iliyopita ndugu mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Simtaji, tumeshaketi naye tukazungumza, na ameniruhusu niandike. Alisema alikuwa anawahi kazini, akasimamishwa na trafiki. Hakuwa amefunga mkanda. Afande akazunguka gari, akaangalia stika, akarudi dirishani na lile swali tunalolijua wote: "Sasa tutafanyaje?" Ndugu yetu akaomba kimoyomoyo. Halafu, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu akaulainisha moyo wa yule afande, wakaelewana na mia tano, akafika kazini dakika kumi kabla ya wakati.

Kanisa likapiga makofi. Kinanda kikapanda. Na mimi mchungaji wenu, nikiwa na maikrofoni mkononi, nikasema "Haleluya!"

Nilifika nyumbani, nikaketi kula, na chakula kikagoma kushuka. Nilikuwa nimetia muhuri wa madhabahu kwenye hongo.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana inachekesha ukiitazama vizuri. Serikali ilitoa kanuni za makosa madogo ya barabarani mwaka 2016. Kutofunga mkanda, faini yake ni shilingi 500. Kushindwa kuonyesha leseni ukiombwa, 1,000. Kutumia simu ukiwa unaendesha, 2,000. Ndugu yetu alitoa mia tano. Faini ilikuwa mia tano. Hakuokoa hata senti moja!

Basi alinunua nini? Alinunua wakati. Alinunua kutokwenda kituoni, kutoegesha gari pale uani, kutosubiri hadi kesho asubuhi kwenye benchi la mahakama na watu wa bodaboda na wa pombe. Na hapo sitajifanya sielewi. Dereva wa matatu ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Siku moja mahakamani ni siku ambayo watoto watakula ugali mtupu. Mama anayepeleka mboga Wakulima saa kumi za usiku akizuiliwa mpaka saa nne, mboga zimekufa. Anayempigia mama huyo kelele za utakatifu akiwa ofisini kwenye kiyoyozi, ajiangalie.

Lakini tuite kitu kwa jina lake. Ukishindwa na mzigo ukatoa, sema "nilitoa hongo, Mungu nihurumie." Usipande madhabahuni ukaiita kibali. Dhambi iliyoungamwa ina dawa. Dhambi iliyopigiwa makofi inaitisha nyingine.

Fungua Matendo 24 usome mwenyewe. Paulo yuko Kaisaria, mahabusu, kesi haina ushahidi. Liwali Feliki anajua hivyo. Luka anatuambia kwenye mstari wa 26 kwa nini alikuwa anamwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye: alitumaini atapewa fedha. Yaani miaka karibu elfu mbili kabla ya barabara kuu ya Mombasa, mtu wa Mungu aliulizwa "sasa tutafanyaje?"

Na usiniambie Paulo hakuwa na uwezo. Kwenye mstari wa 17 ameshamwambia Feliki kwamba alikuja kuleta sadaka kwa watu wake, na labda hapo ndipo masikio ya liwali yalisimama. Marafiki zake waliruhusiwa kumhudumia. Filipo mwinjilisti alikuwa na nyumba mji ule ule. Kanisa kama letu tungeunda kamati jioni moja, tufungue kikundi cha WhatsApp, tuchange, tumtoe mtumishi, halafu Jumapili tufanye ibada ya shukrani. Paulo alikaa. Alikaa miaka miwili mizima, mpaka Feliki akaondoka na Festo akachukua kiti, na bado akaachwa kifungoni.

Miaka miwili, mpendwa. Wewe unaogopa saa mbili.

Na kila alipoitwa kwa chai, Paulo alimhubiria yule liwali habari za haki, kiasi na hukumu inayokuja, mpaka Feliki mwenyewe akaingiwa na hofu akamfukuza kwa siku hiyo. Niambie, wewe afande wako ameogopa nini kwako? Amesoma nyuma ya gari lako kwamba limefunikwa kwa damu ya Yesu, kisha akapokea mia mbili iliyokunjwa kutoka dirisha la mbele. Umemhubiria. Umemwambia damu hiyo haifiki kwenye pochi.

Kwenye ushirika wa wanaume kuna mtu huninukulia Mithali 18:16, ule mstari wa zawadi kumfungulia mtu njia. Ndugu yangu, rudi sura moja nyuma, 17:23, usome Sulemani anamwitaje mtu anayepokea kitu kutoka kifuani ili aipinde njia ya haki. Mwingine huleta habari ya Petro na shekeli katika kinywa cha samaki. Ile ilikuwa kodi! Ililipwa kwa wanaotoza kodi, mchana, kwa ajili ya watu wawili waliotajwa. Hakuna mahali Yesu alimwambia Petro aikunje aiweke chini ya leseni.

Sasa nije kwangu, maana siwezi kuwachapa nyinyi nikajiacha.

Mnalikumbuka gari la kanisa, lile jeupe la viti 14. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunapeleka kikundi cha sifa mazishini upande wa Eldoret. Nilikuwa kiti cha mbele kando ya dereva. Tukasimamishwa. Yule askari, kijana mdogo, alipiga magoti akaangalia tairi ya nyuma kulia. Akaniita nishuke. Akaniwekea kidole pale. Ilikuwa kipara kabisa, nyuzi zinaanza kuonekana. Akasema, "Pastor, hii itawaua."

Alisema kweli. Hakuwa ameomba chochote bado. Ni mimi niliyeanza. Nilifungua bahasha niliyokuwa nayo, ya rambirambi, nikatoa mia tano, nikamwambia "afande, tuelewe, tuna mazishi." Akasita. Naona hata leo namna alivyosita. Halafu akachukua, akapunga mkono, twende.

Wiki tatu baadaye tairi ile ile ilipasuka tukiteremka Salgaa. Wanaojua barabara hiyo wanajua Salgaa imezika watu wangapi. Gari lilipinda, likaingia majanini, likasimama. Binti mmoja wa sauti ya tatu alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa.

Na mimi nilifanya nini? Nilisimama Jumapili nikatoa ushuhuda. Jinsi Mungu alivyotuokoa Salgaa! Watu wakalia. Sadaka ya shukrani ikatolewa. Sikusema neno moja kuhusu yule kijana aliyepiga magoti. Mama ya yule binti alikuja akanishukuru kwa maombi yangu, na nikamwambia utukufu ni kwa Bwana.

Kuna sheria kwenye Kutoka 21:29 ambayo hatuihubiri kwa sababu tunafikiri ni ya wachungaji wa ng'ombe. Ng'ombe akiwa na mazoea ya kupiga watu kwa pembe, na mwenyewe ameonywa, na hakumfunga, kisha ng'ombe akaua, damu iko juu ya mwenyewe. Kosa hapo si kuwa na ng'ombe mkali. Ni kuonywa. Siku ile barabarani nilionywa. Ile mia tano ilinunua ukimya wa mtu aliyekuwa anatuonya.

Kwa hiyo ukiniambia "Pastor, ni kosa dogo tu, taa moja ya breki," nakuuliza: aliye nyuma yako usiku kwenye mvua anajuaje kwamba umesimama? Taa ni kitu kidogo. Mkanda ni kitu kidogo. Na ile tunayotoa pia tunaiita kitu kidogo. Angalia jinsi Shetani alivyozipa zote jina moja.

Nizungumze pia na nyinyi mnaovaa sare, maana mko kanisani kwetu, na nawapenda. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi. Soma Luka 3:14. Aliwaambia wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Najua mtasema mshahara hautoshi, na mimi naamini hautoshi. Afisa mmoja alikuja ofisini kwangu usiku, akanieleza kwamba ile ya barabarani haibaki kwake yote, jioni kuna mahali inapelekwa, na asiyepeleka anahamishwa mbali. Alilia. Mnakumbuka Tume ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa maafisa wa trafiki na taarifa zao za M-Pesa zikawekwa mezani. Nchi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia. Lakini zile pesa zilianzia wapi? Nyingine zilianza kama mia yangu na mia yako, kwenye dirisha la gari lenye stika ya kanisa.

Na sisi wachungaji tumekuwa na faida humo, tusijidanganye. Bahasha nene ikija tunaiombea, hatuulizi ilisimama barabara gani asubuhi hiyo. Isitoshe kuna hongo yetu ya pekee isiyo na noti: "Mimi ni mtumishi wa Mungu." Nimeitumia. Afande husema, "Kumbe ni mtumishi! Basi tuombee." Unainua mkono dirishani, unambariki, unaondoka na taa yako mbovu. Mia mbili ya dereva wa bodaboda na kola yangu, vyote vimefanya kazi moja. Ila yeye imemgharimu.

Haya, utafanya nini ukisimamishwa kesho?

Kwanza, ukiwa na kosa, kubali. Sema "ni kweli, afande, taa haiwaki, niandikie." Neno "niandikie" ni zuri sana, lijaribu. Mwenye haraka ya chai mara nyingi hana haraka ya kuandika. Ukipelekwa kituoni, ujue Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, hairuhusu mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Una haki ya dhamana. Ukiweka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, na usiondoke bila hiyo risiti. Faini inalipwa kwa mahakama. Ukidaiwa hongo na huna kosa, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina namba ya bure, 1551.

Na ujue pia kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 haimwangalii anayepokea tu. Anayetoa naye ni mkosaji. Kifungo mpaka miaka 10, au faini mpaka milioni 5, au vyote viwili. Kwa ajili ya mkanda wa mia tano!

Hapo kanisani nimeamua mambo mawili, na wazee tumekubaliana, isipokuwa mmoja. Ushuhuda wa "tulielewana na afande" hautapewa maikrofoni tena. Ukitaka kuuleta, uje ofisini, tutapiga magoti pamoja, na nitaanza mimi. La pili, tumefungua kikapu kidogo, tofauti na sadaka, kwa ajili ya muumini wa matatu, boda au mboga atakayekataa kutoa hongo akapoteza siku yake mahakamani. Aje na risiti ya mahakama, tutamrudishia faini na unga wa siku hiyo. Hatuwezi kumwambia maskini akae miaka miwili na Paulo halafu sisi tukaenda kula.

Yule binti wa sauti ya tatu sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimpigia Jumanne, nikamweleza habari ya tairi, ile sehemu niliyoificha. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kama mama yake anajua. Nitaenda kwa mama yake Ijumaa.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, usikimbie. Mafundi wetu wawili watakuwa pale uwanjani, watakagua magari na pikipiki zote bure: tairi, breki, taa, mikanda, pembetatu za kuonya. Vipuri utajinunulia. Wa bodaboda njooni na kofia zenu, ya abiria pia.

Gari langu litakuwa la kwanza kwenye foleni. Taa ya nyuma kushoto haijawaka tangu wiki jana.