Kugeuka nako kunafundishwa



Ile siku ya mechi wote tuliona beki wetu wa kushoto akianguka peke yake. Hakuna mtu aliyemugusa. Aligeuka tu kufuata winga, goti likalia, na mpaka leo anatembea na fimbo. Jioni wengi walisema: ni dawa, wale wamemuloga. Mimi nakataa. Ile haikukuwa dawa, ilikuwa ukosefu wa mafundisho.

Tutazame mazoezi yetu. Tunazunguka kiwanja mara 10, kiisha tunapiga mpira golini, basi. Mapafu yanapata nguvu, ni kweli. Lakini katika mechi nani anakimbia vile? Mpira ni kufunga breki, kugeuka, na kuondoka tena.

Katika fizikia tulisoma: ukiongeza mwendo mara 2, nguvu iliyo ndani ya ule mwendo inakuwa mara 4. Sasa mtu akikimbia sana na kugeuka gafula juu ya mguu mmoja ulionyooka, ule mzigo unaangukia goti. Goti likiinama kwa ndani na kiatu kimekwama katika majani, kano ya katikati ya goti inaweza kukatika bila kuguswa na mtu. Na dada zetu wanaocheza basketi wako katika hatari hiyo kupita sisi wavulana.

Mchezaji hodari anafanya namna gani? Anaanza kufunga breki hatua moja ao mbili mbele ya kugeuka. Anashusha kiuno, anakunja magoti. Akitaka kwenda kushoto, anaweka mguu wa kuume kando kidogo ya mwili na kusukuma udongo, goti likitazama kule vidole vinatazama.

FIFA yenyewe ilitoa mazoezi yanayoitwa 11+, ya dakika 20 tu: kuruka na kushuka vizuri, kusimama na mguu mmoja, kukimbia na kugeuka. Hayaombi vyombo vya bei. Timu zilizoyafuata kwa bidii zilipunguza majeraha.

Wengine watasema: wakubwa wetu walizunguka kiwanja tu, na walishinda. Ndiyo, lakini muhesabu pia wale walioacha mpira juu ya goti.

Kwa hiyo naomba mwalimu wa michezo apunguze mizunguko ikuwe 5, na zile dakika zinazobaki tujifunze kusimama na kugeuka, kwanza polepole, kiisha mbio. Na sisi wanafunzi tuache maneno ya dawa. Mungu alitupa magoti 2 tu, nayo ndiyo tunayopiga tukiomba. Tuyachunge.

Mwanafunzi wa darasa la tano