Dawa ya presha iko Karura, lakini njia ya kutoka Huruma ni ya hatari

Mwaka uliopita nilienda katika zahanati moja hapa Eastlands kupimwa. Muuguzi alinifunga kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akaitazama mashine, akanitazama usoni, kisha akarudia kunipima. "Mzee," akaniambia, "presha yako ni 160 kwa 100. Utapewa dawa, upunguze chumvi, na ufanye mazoezi."

Nikamwuliza, "Mazoezi nitayafanyia wapi, dada yangu?" Alicheka kidogo, lakini hakuwa na jibu.

Msomaji ambaye hajawahi kuishi Huruma huenda akadhani nilikuwa nafanya mzaha. Mtaa wetu umebanwa kati ya Barabara ya Juja na Mto Mathare. Nyumba za ghorofa zimesongamana hivi kwamba jirani akikaanga kitunguu, wewe ndiwe unayetoka machozi. Watoto huchezea mpira katika vichochoro, wakikwepa mikokoteni na maji taka. Mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, watu huuliza ameiba nini au anafukuzwa na nani.

Na hali ni hiyo hiyo kwa maelfu ya watu wa rika langu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ushauri huo ni mzuri, lakini dakika hizo zahitaji mahali pa kuzitumia.

Jambo hili la kuketi na kutoketi si geni kwa madaktari. Mwaka wa 1953, daktari Mwingereza aitwaye Jerry Morris alichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva alikuwa akiketi kutwa nzima, naye utingo alikuwa akipanda na kushuka ngazi akidai nauli. Morris aligundua kwamba matingo hawakuugua moyo kwa wingi kama madereva, ingawa wote walifanya kazi katika basi lile lile. Ukitaka kuielewa habari hiyo, tazama matatu zetu za Barabara ya Juja: utingo anarukaruka mlangoni, na dereva tumbo limegusa usukani.

Aliyenipa jibu la swali langu si daktari, bali ni kijana fundi wa baiskeli mwenye kibanda karibu na kwetu. Aliniazima baiskeli ya milimani ya mitumba, yenye gia nyingi na tairi pana zenye meno, akaniambia, "Mzee, jaribu Karura."

Niliona aibu. Katika fikira zangu, baiskeli ilikuwa ya mtu wa kuuza maziwa au mkate, na baiskeli ya milimani ilikuwa ya mzungu mwenye likizo. Hata hivyo, Jumamosi moja nilijikaza. Kutoka Huruma nilishika Outer Ring hadi Allsops, nikafuata Barabara ya Thika hadi Muthaiga, kisha nikaingia Barabara ya Kiambu mpaka lango la msitu. Safari yenyewe haifiki kilomita kumi.

Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000, na ndani yake mna njia za udongo zilizotengwa kwa waendeshao baiskeli. Njia hizo hupanda na kushuka mabonde ya mito, hupinda kati ya miti, na penye njia panda pana vibao vyenye nambari ili mgeni asipotee. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia pumzi yangu mwenyewe badala ya honi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini njia ya milimani hufaa mwili kuliko barabara tambarare. Penye mwinuko moyo hupiga kwa nguvu, penye mteremko hupumzika, na kisha mwinuko mwingine unakungoja. Mikono, mgongo na kiuno navyo hufanya kazi kwa sababu baiskeli yataka kuongozwa kila hatua kati ya mizizi na mawe. Magoti hayapati kishindo kama cha mtu anayekimbia, kwa vile uzito umebebwa na kiti. Mzee mwenye magoti mabovu kama yangu anaweza kustahimili saa nzima bila ya kuugulia usiku.

Baada ya miezi mitano nilirudi zahanati, nikapimwa 138 kwa 88. Sitadanganya kwamba ni baiskeli peke yake. Nilipunguza chumvi, na dawa sijaacha kumeza, wala mtu yeyote asiache dawa zake bila ya idhini ya daktari. Lakini muuguzi alikubali kwamba mazoezi yalikuwa na sehemu yake.

Wako watakaosema kwamba mchezo huu ni wa matajiri. Hebu tuangalie ulikoanzia. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, jimbo la California nchini Marekani, waliokota baiskeli kuukuu na nzito, za aina inayokaribiana na zile Black Mamba zetu, wakateremka nazo milimani. Mbio zao zilizoanza mwaka wa 1976 ziliitwa Repack, kwa sababu breki zilipata moto mno hata grisi ikaungua, na kila waliposhuka iliwabidi kupaka nyingine. Kutokana na vyuma hivyo chakavu ulizaliwa mchezo ulioingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1996 kule Atlanta.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. David Kinjah, bingwa wetu wa siku nyingi, amewalea vijana kule Kikuyu katika kikundi chake cha Safari Simbaz. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na ambaye baadaye, chini ya bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne. Miguu yake ilipata nguvu katika vilima hivi vyetu.

Basi, ikiwa msitu uko na baiskeli za mitumba ziko, kwa nini watu wa Huruma hawaonekani Karura? Jibu nililipata siku ile ile ya kwanza, wakati wa kurudi. Karibu na Allsops, matatu moja ilinisukuma nje ya barabara bila ya dereva hata kugeuza shingo. Niliangukia ukingo wa mtaro, nikachubuka kiwiko na goti. Nilishukuru Mungu kwa kuwa nilikuwa nimevaa helmeti.

Huo ndio ukweli unaoniudhi. Njia za msituni, zenye mizizi na mawe, ni salama kuliko lami inayotufikisha huko. Mwaka wa 2023 pekee, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini. Mzazi gani wa Huruma atamruhusu mwanawe kupita Allsops kwa baiskeli ili akafanye mazoezi? Mkazi wa Runda au Gigiri hufika langoni kwa dakika chache, au hubeba baiskeli yake juu ya gari. Sisi tunaohitaji msitu zaidi ndio tunaoufikia kwa kuhatarisha maisha.

Na msitu huo ni wetu sote. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kupigwa walipokwenda kupanda mti Karura, wakati ambapo ardhi yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi. Damu ile haikumwagika ili mitaa michache ya kifahari ipate mahali pa kupunga upepo.

Najua kuna watakaoninyoshea kidole: "Hatuna maji, vijana hawana kazi, nawe watuletea habari za baiskeli?" Nawaelewa. Lakini presha haingoji mifereji itengenezwe. Kiharusi kimoja humtoa baba kazini, humwondoa binti shuleni ili amwuguze, na humaliza akiba ya jamaa nzima kwa mwezi mmoja. Kumkinga mtu huyo ni jambo la mkate, si la anasa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera mwaka wa 2015 iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za uchukuzi kwa ajili ya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Twaomba ahadi hiyo ionekane kati ya Huruma na Muthaiga: njia ya baiskeli isiyokatika, iliyotengwa na magari kwa ukingo wa saruji, na yenye mahali salama pa kuvukia. Wachuuzi waliomo njiani watafutiwe nafasi nyingine, wasifukuzwe kwa rungu.

Pili, wasimamizi wa msitu watenge angalau siku moja kwa mwezi ambapo watoto wa shule za Eastlands wataingia kwa ada wanayoiweza, na wapate baiskeli za kuazima. Mtoto akizoea kupanda kilima akiwa na miaka 10, hatangoja kuambiwa na muuguzi akiwa na miaka 52.

Tatu, sisi wenyewe tuache kucheka. Tumewacheka wazee wanaoendesha baiskeli, na tumewacheka wanawake zaidi. Dawa haichagui mtu.

Nawe msomaji ukiamua kujaribu, pima presha kwanza, hasa ikiwa umepita miaka 40. Hakikisha breki zote mbili zinashika, na usitoke nyumbani bila ya helmeti. Ukishuka mteremko, inuka kidogo kutoka kitini, rudisha uzito nyuma, na ubonyeze breki polepole. Ukiikamata ya mbele peke yake kwa ghafla, utarushwa juu ya usukani. Anza na nusu saa, na mwinuko ukikushinda, shuka usukume. Hakuna aibu.

Jumamosi hii nitakuwa Allsops tena mapema, kabla ya matatu kuwa nyingi. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo mtu wa Huruma anaweza kuifuata afya yake bila ya kuihatarisha.