Kuchonga Shingo ya Gitaa Nyumbani
Luapula ni nchi ya kalindula, na vijana wake wamezoea kujiundia ala. Si ajabu basi mpigaji wa Nchelenge akitaka kuchimba shingo ya gitaa lake la umeme. Livuliwe nyuzi, freti zifunikwe kwa utepe. Ubao ulio kati ya freti mbili uchongwe kwa tupa ya mviringo, kisha msasa, kina cha milimita 1 hadi 2 tu: ndani ya shingo nyingi mna ufito wa chuma, na ubao uliochongwa haurudi. Kidole sasa hugusa uzi pekee. Mwenye mkono mzito atasikia sauti ikipanda na wimbo ukipotoka. Askari mwenye gitaa moja tu aanze na freti nne za mwisho, karibu na tumbo.