Bonane hii, tutembee bila kukimbia

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kuponda mawe, nawaandikia toka Bogoro, kwetu, kilomita karibu 25 toka Bunia kwenye barabara ya Kasenyi. Wengi wenu muko njiani kurudi nyumbani juu ya sikukuu. Wengine munatoka Mongbwalu, wengine Nizi, wengine kwenye mapori ambayo hatupendi kutaja jina yake mbele ya wakubwa. Muko na siku mbili tatu za kupumuka. Neno langu ni juu ya hizo siku.

Vile zinapitaka, tunajua wote. Tarehe 31 mutu anafika na gramu yake mbili, anauzisha, ananunua mbuzi, viatu vya watoto, kitenge ya mama. Ni muzuri. Usiku kinywaji kinaanza: bia kwanza, kisha bia ikiisha ni kaikpo. Tarehe 1 yote ni kulala na kichwa kuuma. Tarehe 2 anaanza kukopa, na tarehe 3 PDG wake anamupigia simu kwamba maji imejaa ndani ya shimo, motopompe inangojea. Anaondoka. Watoto wamemuona papa yao akiwa amelala. Siwatukani, nami nilifanya hivyo miaka mingi kuliko vile ningependa kusema hapa.

Mwaka uliopita nilijaribu kitu kingine, na mwenye kunisukuma ni bibi yangu. Alisema watoto wamechoka kuangalia wakubwa wakinywa. Basi tarehe 1 saa kumi na mbili asubuhi tulitoka kwa miguu, jamaa nne na watoto, kufuata mwanzo wa njia yenye kushuka kwa ziwa. Kila mutoto alikuwa na kamufuko kake na mukate na chupa ya maji. Mbele yetu alitangulia mama mumoja mwenye umri, mwenye kupandisha samaki ya chumvi toka Kasenyi kwa miguu wakati hakukuwa pikipiki. Njia yote iko ndani ya kichwa chake: wapi kuna maji, wapi udongo unateleza, muti gani ni dawa ya tumbo na gani ni sumu.

Tulikuwa hatujafika mbali, mutoto wangu wa miaka sita akanishika mukono, akaniuliza polepole: «Papa, tunakimbia?»

Nilisimama. Mutoto hakufanya kosa. Kwake yeye, jamaa nyingi pamoja, asubuhi, kila mutu na mufuko, hakuna pikipiki, ni kukimbia. Hakujua namna ingine. Nilimuambia hapana, tunatembea. Akauliza tunaenda wapi. Kuangalia ziwa. Kufanya nini kule? Hapo nilikosa jibu, na ni yule mama wa samaki alijibu: «Kuangalia tu.» Mutoto akacheka, sababu aliona ni neno la kichekesho. Tangu hapo alitangulia mbele ya wote, tukawa tunamuita arudi.

Hapa Ituri miguu iko na kazi mbili: kubeba na kukimbia. Mama anabeba kuni, mutoto anabeba maji, sisi tunabeba kiloba ya mchanga toka shimo mupaka kwenye maji. Kisha risasi inalia na tunabeba watoto. Kutembea bila muzigo na bila woga, wakubwa wengi wa hapa walikuwa wamesahau vile inakuwaka. Na mimi wa kwanza.

Nilisoma kwamba Marekani wako na desturi yenye kufanana na hii. Tarehe 1 Januari watu wanaenda kwenye parke za serikali, mulinzi wa parke anatangulia, anawaonyesha miti, nyayo za nyama, historia ya mahali. Kule ni wakati wa baridi, wanatembea ndani ya theluji na makoti, na wanaenda vile vile. Ilianza mwaka 1992 kwenye parke moja karibu na muji wa Boston, na tangu 2012 inafanyika kwenye majimbo yote 50. Ile parke ya kwanza inaitwa Blue Hills, ni kusema Milima ya Bluu. Nilicheka peke yangu, sababu milima yetu yenye kusimama juu ya Ziwa Albert, Wabelgiji waliiita Monts Bleus. Jina ni moja. Lakini kule wanatembea na mulinzi mwenye kulipwa na serikali, na hapa kwetu muchimbaji akiona mulinzi wa pori anatupa nyundo na kuingia majanini.

Hiyo ni lazima tuiseme bila kufichana. Neno «parke» kwa muchimbaji wa Ituri haiko neno la mapumziko. Kongo ni tajiri kwa parke: Virunga ni ya 1925, ya kwanza katika Afrika yote, Garamba ni ya 1938, Hifadhi ya Okapi, kule Epulu, ni ya 1992, na tangu 1996 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urizi wa dunia. Ni mali ya umma, ni kusema yetu. Lakini ni wangapi kati yetu waliingia mule kama wageni, na mutu wa kuwaonyesha okapi? Wengi walioingia waliingia na nyundo, usiku. Sheria ya mines inakataza kuchimba ndani ya eneo la kulindwa, na nasema kama mutu wa sendika: hiyo sheria ni ya haki. Najua hamutapenda. Munakumbuka Juni 2012, watu wa Morgan waliposhambulia Epulu, wakaua watu, na okapi 14 zenye kufugwa pale zikakufa? Walinzi walikuwa wanawazuia kuwinda tembo na kuchimba zahabu mule ndani, na ile ilikuwa kisasi. Hatukushika silaha sisi, lakini zahabu yenye kutoka mule inapita mikononi mwa watu wenye tunajua. Shida ni kwamba tunafukuzwa bila kuonyeshwa kwanza ni kitu gani kinalindwa. Mutoto wa muchimbaji angepita siku moja ndani ya Epulu na mulinzi mwenye kumueleza, angekuwa na sababu ya kuheshimu kuliko fimbo.

Lakini Epulu ni mbali na njia yake munaijua. Mont Hoyo na mapango yake ni karibu zaidi, upande wa Komanda, na vile vile siwezi kuambia mutu apeleke watoto kule leo. Basi tubaki na chenye tuko nacho. Toka Bogoro kwenda mashariki, inchi inafika pahali inakatika kama mukate: huku juu tuko kwenye mita zaidi ya 1,200, na ziwa kule chini iko kwenye mita karibu 620. Upande wa pili ni Uganda. Januari ni kiangazi, moshi ya majani yenye kuchomwa inafunika mbali, kwa hiyo musingoje kuona kila kitu. Lakini ni juu ya milima hii hii ya kusini-magharibi ya ziwa, mwaka 1888, Stanley akiwa katika safari ya kumutafuta Emin Pasha, aliona theluji ya Ruwenzori, akaiandikia Wazungu kama ameivumbua. Wazee wetu waliiona kila mara hewa ikiwa safi, hakuna mwenye kuwaandika. Mutu akitaka baridi na theluji ya bonane, yetu iko kule, mita 5,109, tunaiangalia bila kuvaa koti.

Sasa nafika kwa jambo lenye kuniuma. Wakati wa kurudi, njia inapanda. Kati yetu kulikuwa ndugu mumoja, sitamutaja, hajafika miaka 35. Miaka mitatu alifanya kazi kwenye masini ya kusaga mawe, kavu, bila maji, na kitambaa tu mudomoni. Huko kazini alikuwa anaonekana mwenye nguvu, sababu pale anasimama pahali pamoja. Kwenye mulima alikaa chini mara tatu. Yule mama wa samaki, mwenye kuwa na wajukuu, alimupita na kumungojea. Alisema ni bia ya jana. Haikuwa bia. Hospitali walimupima tibi, hawakuikuta, wakamurudisha na dawa ya kikohozi.

Wachimbaji, vumbi ya jiwe la zahabu, lile jiwe jeupe lenye kungaa, inakata mapafu polepole, na mapafu yenye kukatika hairudi. Tena inafungulia tibi mulango. Hakuna mwenye kuiona kwenye kazi. Inaonekana siku mutu anapanda mulima bila muzigo na pumzi inamukosa. Viongozi wenzangu waliniambia: «Kiongozi, unaacha mambo ya bei na ya kodi, unaenda kutembeza watoto?» Nawajibu hapa. Ile asubuhi nilijifunza juu ya afya ya wanamemba kuliko mikutano yote ya mwaka. Tangu hapo tunasema kwenye kila shimo: mwangieni jiwe maji mbele ya kuliponda, fukuzeni watoto pembeni ya masini, mama mwenye kunyonyesha asiponde kavu. Wengine wanasikia. Wengine wanasema maji inachelewesha kazi.

Kuna swali lingine, nalo siwezi kulikimbia nikiwa mutu wa Bogoro. Tunatembea na nani? Tarehe 24 Februari 2003 kila mutu hapa anaibeba. La Haye ilimuhukumu Germain Katanga miaka 12 mwaka 2014, na mwaka 2017 majaji waliamuru kila muathiriwa kati ya 297 apewe dola 250 ya alama, pamoja na misaada ya wote. Sawa. Majaji walifanya kazi yao. Lakini jaji hawezi kuamuru Muhema na Mungiti wapite njia moja wakiongea juu ya samaki. Chini ya shimo tunachimba pamoja, Wahema, Wangiti, Walendu, Wabira, hakuna mwenye kuuliza kabila ya mutu mwenye kushika kamba yako. Tukipanda juu tunaachana. Basi mwaka huu naomba viongozi wa njia wawili: mama wetu wa Bogoro, na muzee mumoja wa upande wa Gety mwenye kujua milima ile. Nimeongea naye. Alinyamaza sana, kisha akauliza saa ngapi.

Wengine walishauri tuweke matembezi tarehe 24 Februari yenyewe. Nimekataa. Ile siku iachwe kwa wafu na kwa machozi.

Na wakubwa wa mahali, nawaomba kitu kimoja. Ile kilima yenye kuonyesha ziwa, na njia yenye kufika pale, ziandikwe mali ya wote, mbele ya mutu kufika na karatasi ya konsesyo. Tunajua mapigano ya 1999 kule Djugu ilianza na mambo ya mashamba na mipaka. Kuacha kilima kimoja kiwe cha kila mutu haitaji franka hata moja. Ni saini tu.

Kwa wenye kutaka kuja: tarehe 1 Januari, saa kumi na mbili na nusu, pale barabara ya Gety inaachana na ya Kasenyi. Mwenye kuamka vibaya ile siku, tutarudia tarehe 4, sikukuu ya mashujaa wa uhuru. Sitauliza kwa nini hakufika ya kwanza. Tumejulisha chefu na wanajeshi, kama vile utawala wa kijeshi unaomba, na usiku wa tarehe 31 tutauliza tena hali ya njia. Wakisema hapana, ni hapana, tutakaa nyumbani. Hakuna kutoka kwa njia kwenda kupiga picha majanini, kule bado kuna vitu vya vita ndani ya udongo. Hakuna bendera ya chama, hakuna chupa. Lete maji, mukate ao muhogo, kofia ya mutoto, na viatu vyenye kushika mguu. Buti ya shimo inakata kisigino kwenye mutelemuko, mimi niliumia. Mwenye kukosa pumzi anasimama, na wote wanamungojea. Ndugu yetu wa mwaka jana amesema atakuja. Atafika pahali atafika.