Diski ya Zamani Irudi Nyumbani

Tumeulizwa na jamaa zetu wa Kisumu: diski ya kipakatalishi ibadilishwe nyumbani, au kipelekwe kwa fundi wa Oginga Odinga Street? Kazi yenyewe si nzito. Diski ya zamani huzunguka kama santuri. Ya SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana mashine kuukuu huamka upesi. Penye diski ya inchi 2.5, bisibisi ndogo na subira zatosha: tunakili kila kitu kwanza, tuzime, tuchomoe waya, na betri itengwe kabla ya kugusa kingine. Ila vipo vyembamba ambavyo hifadhi imechomelewa ubaoni, hivyo tusivichokoe.

Linalotushughulisha ni jingine. Katika diski ile ya kuzunguka, faili iliyofutwa haitoweki papo hapo. Mjuzi huweza kuifufua. Na humo mna picha za arusi, mama na mabinti wakiwa bila buibui, na karatasi za mirathi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, lakini mlango hufungwa kabla mwizi hajaingia. Basi ukimpa fundi, na ujira wake ni haki yake, keti naye hadi amalize, na diski iliyotolewa uipokee mkononi. Akisema ataitupa yeye, mwambie twaitupa wenyewe.