Tunachimba, Lakini Nani Anafua?

Ukishuka barabara kuu kutoka Rongo, ukapita Awendo na Uriri hadi mjini Migori, utaona miwa na tumbaku. Ukikata kwenda Nyatike utaona mashimo ya dhahabu. Lakini sonara ndiye wa kutafuta. Makala haya ni kwa ajili yake, nami nasema wazi: maeneo yetu yameridhika mno na kuuza udongo.

Madini tunayo tangu zamani. Mgodi wa Macalder huko Nyatike, uliofungwa mwaka 1966, ulitoa shaba, na pamoja nayo dhahabu na fedha. Hata leo dhahabu ya mchimbaji mdogo huwa imebeba fedha ndani yake. Mnunuzi akikata bei kwa kuwa "si safi", mara nyingi uchafu anaoutaja ni fedha hiyo. Kinachobaki kwetu ni mashimo, na zebaki mikononi mwa kina mama wanaoosha mchanga kwa karai.

Tazameni Lamu, kule pwani: haichimbi fedha, lakini ina masonara. Kwa vizazi waliyeyusha sarafu za reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya asilimia 83 yake ni fedha. Wakafua vikuku, mikufu na vipini. Wakaokota ufukweni vigae vya kauri ya Kichina, wakavipachika kwenye pete zinazonunuliwa mpaka leo. Kwa hiyo ufundi haungoji mgodi. Unangoja mtu wa kufundisha na mtu wa kuvumilia.

Na uvumilivu unahitajika kwelikweli. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi, ikamiminwa kwenye kalibu, kisha ikafuliwa juu ya fuawe. Kadiri inavyopigwa ndivyo inavyokakamaa. Isipopashwa moto ilainike, hupasuka. Waya huvutwa kwenye chamburo, tundu baada ya tundu, hadi uwe mwembamba kama uzi. Ila kuunga ndiko kunakomtoa mtu jasho. Tinkali hupakwa, lehemu hukatwa vipande vidogo, na moto hupitishwa kwenye chombo kizima, kwa maana lehemu hukimbilia penye joto. Fundi akizubaa kidogo, kazi ya siku nzima imeyeyuka mbele yake.

Ndiyo maana nawashauri vijana waanze na fedha, si dhahabu. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya dhahabu, na kilichoharibika hurudi kwenye moto, pamoja na unga wa tupa uliokusanywa chini ya meza. Wasitarajie mikufu ya maharusi mapema. Riziki ya kila siku ya sonara hutoka katika ukarabati: pete iliyobana, mkufu uliokatika, hereni iliyopoteza kulabu.

Pesa za kuanzia zipo kisheria. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Nadai sehemu ya hiyo 10, na ya ile 20 ya kaunti, inunue meza, fuawe, chamburo na mitungi ya gesi kwa chuo cha ufundi hapa Uriri, na imlipe sonara kutoka Lamu au Mombasa aje afundishe kwa miaka, si kwa semina ya siku tatu.